Uliza Ujibiwe: Mkuu wa Nini? Neno "kuu" kwenye magazeti ya babu

SWALI: Shikamoo mama wa safu. Niko Korogwe. Babu yetu mzaa mama alituachia sanduku la bati limejaa magazeti, mengi Mambo Leo na Baraza ya miaka ya 50 na mwanzoni mwa 60, mengine panya washakula pembeni, sasa mi na binamu yangu tumeanza kuyapiga picha na kuyachapa upya kwenye simu ili familia nzima isome. Kuna kitu kinatusumbua. Neno kuu liko kila ukurasa: Mangi Mkuu, mkutano mkuu, Katibu Mkuu, chuo kikuu, siku kuu, vita kuu, mpaka binamu anasema wazee walikuwa wanapenda makuu tu, eti kuu ni kubwa iliyovaa suti. Mi nabisha ila hoja sina. Je kuu na kubwa ni kitu kimoja? Alafu tuandike Vita Kuu ya Pili au Vita Vikuu vya Pili, maana humo ndani tumekuta yote mawili na binamu anataka kusahihisha.
Msomaji, Korogwe

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla sijasema lolote mwambie binamu aweke kalamu chini. Gazeti la babu halisahihishwi, linanakiliwa kama lilivyo, hata kama mchapaji alikosea herufi, kwa sababu mkishaanza kunyoosha neno moja mtanyoosha na la pili na mwisho mtakuwa mmeandika gazeti lenu la mwaka huu mkalibandika tarehe ya 1955. Mkiona kitu kinawatatiza wekeni maelezo pembeni, mkiandika kwamba ni maneno yenu. Hilo limeisha.

Sasa kuu na kubwa. Binamu kakosea, lakini kakosea kosa ambalo hata wanaosoma taarifa ya habari wanalifanya, kwa hiyo msimcheke sana.

Kubwa ni neno la kipimo. Ukisema nyumba kubwa, moto mkubwa, hasara kubwa, mtu anaweza kukuuliza kubwa kiasi gani na we ukamjibu kwa futi au kwa kilo au kwa shilingi. Kuu haina kiasi, kuu ina ngazi. Ukiambiwa kitu fulani ni kikuu swali linalokuja sio "kiasi gani", swali ni "kikuu cha nini, juu ya vipi?" Lazima kuwe na vingine vya aina hiyohiyo vilivyo chini yake au vinavyotoka kwake, la sivyo neno halina pa kukaa. Barabara kuu inaweza kuwa nyembamba na ina mashimo kila hatua lakini ndo barabara ambayo zile ndogo zote zinaingilia. Lango kuu linaweza kuwa dogo kuliko lango la nyuma wanakopitisha malori.

Mfano mzuri kuliko yote uko humo humo kwenye sanduku lenu kama babu alikuwa anafuata habari za TANU. Chama kilikuwa na mikutano mikubwa na kilikuwa na mikutano mikuu na ni vitu viwili tofauti kabisa. Mkutano mkubwa ni ule wa Mnazi Mmoja au Jangwani pale Dar, maelfu ya watu wamesimama juani, kina mama wa lelemama wamevaa sare, hotuba mpaka jua linazama. Mkutano mkuu ni ule wa wajumbe, kama wa Tabora wa Januari 1958, watu wachache ukilinganisha na ile umati ya Mnazi Mmoja, wamefungiana ndani wanabishana kama chama kiingie uchaguzi wa kura tatu au kisusie. Kura tatu maana yake kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na kupiga kura kwenyewe kulikuwa na masharti ya kipato na elimu, kwa hiyo ilikuwa ni kumeza shubiri. Wakakubali kuingia, Zuberi Mtemvu akaona hapana akatoka akaanzisha chama chake cha Congress. Sasa niambie, upi ulikuwa mkubwa na upi ulikuwa na uzito? Mwandishi wa gazeti aliyeandika "mkutano mkuu" hakuwa anahesabu vichwa, alikuwa anakwambia hapa ndipo panapoamuliwa na matawi yote yatafuata.

Au chukua chuo kikuu, neno ambalo leo tunalitamka bila hata kulifikiria. Pwani chuo ni pale mtoto anapopelekwa kusoma Kurani, na bado watu wanasema "kaenda chuoni" na wanamaanisha kwa mwalimu wa msikitini. Ukiongeza kikuu unakuwa umepandisha ngazi ya elimu, hujaongeza majengo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, kilikuwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi ambao wangeenea kwenye basi dogo la abiria na viti vikabaki, tena wanasomea kwenye jengo la TANU mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, kule Mlimani walihamia 1964. Kilikuwa kidogo, na kilikuwa kikuu tangu siku ya kwanza. Shule ya msingi yoyote ya mjini ilikuwa na watoto wengi kuliko wale, lakini hakuna aliyeiita kikuu.

Kipimo kingine cha haraka, weka "sana" mbele yake. Barabara kubwa sana, sawa. Barabara kuu sana, sikio linakataa. Katibu mkuu sana, hapo unatania. (Ndio najua kanisani tunaimba Mungu ni mkuu sana, ile ni ibada, mwenye kuimbiwa hana wa kulinganishwa naye, gazetini haikuwa hivo.) Na nikubali kwamba kuna sehemu maneno haya mawili yanapandana, kama "sababu kubwa" na "sababu kuu", wengi wanaandika lolote linalowajia kwanza. Mi mwenyewe nikiwa nahariri nikiona "sababu kuu" alafu chini mwandishi kaorodhesha sababu kuu sita namrudishia, kuu sita mwanangu hizo ni sababu tu.

Haya, kwanini liko kila ukurasa kwenye magazeti ya miaka ile? Sio kwamba wazee walipenda makuu. Ni kwa sababu ile ndo miaka ambayo viti vilikuwa vinabadilishwa wenyewe, na neno linalotaja kiti cha juu ni hilohilo, kwa hiyo kila kiti kikitengenezwa, kikihamishwa au kikivunjwa kuu inaonekana. Msisome kuu peke yake, someni kaishika nani mwaka gani. Mkifanya hivo mtaona historia nzima inapita mbele yenu bila mtu kuwahubiria.

Anzeni na Mangi Mkuu. Uchaggani kila eneo lilikuwa na mangi wake, yaani chifu, tena hao mamangi walishapigana wao kwa wao zamani za zamani. Juu yao Waingereza wakaweka mangi watatu wa tarafa, Hai, Vunjo na Rombo, waliitwa Mangi Mwitori. Alafu ndo ikaja cheo cha mmoja juu ya wote, na Thomas Marealle akasimikwa kuwa Mangi Mkuu mwaka 1952. Neno mangi ni la kwao, mkuu ni letu sote, na mkitaka kujua hilo neno mkuu lilikuwa na kazi gani pale, lilikuwa linasema kwamba sasa Wachagga wana mlango mmoja wa kugonga. Haikudumu. Ilipofika 1960 Wachagga wakapiga kura wakaona bora wawe na rais wa kuchaguliwa badala ya Mangi Mkuu, na 1963 uchifu wote Tanganyika ukafutwa. Miaka minane hivi, cheo kimezaliwa kimekufa. Nafikiri kwenye gazeti lenu la 1952 limeandikwa kwa herufi kubwa na kwenye la 1963 halipo.

Kinachonichekesha mimi zaidi ya vyote ni Gavana. Edward Twining alitawala Tanganyika kuanzia 1949 mpaka 1958 na alikuwa Gavana tu, Gavana basi, na hilo neno tupu lilitosha kutetemesha wilaya nzima, akiamua jambo limeamuliwa. Akaja Richard Turnbull, naye Gavana. Tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikapata uhuru, na siku ileile Turnbull akawa Gavana Mkuu. Kapandishwa cheo? Hata! Gavana Mkuu alikuwa mwakilishi wa Malkia, anafungua bunge, anatia saini, anapokea saluti, lakini mwenye nchi alikuwa Waziri Mkuu. Yaani alipokuwa na nguvu zote hakuwa mkuu na alipokuwa mkuu nguvu zilishahamia chumba cha pili, na mwaka mmoja baadaye tarehe 9 Desemba 1962 nchi ikawa jamhuri na hicho cheo kikafutwa kabisa. Kenya hivohivo, Malcolm MacDonald alikuwa Gavana, uhuru wa 12 Desemba 1963 ukamfanya Gavana Mkuu kwa mwaka mmoja tu. Mkikuta kwenye sanduku "Gavana Mkuu" wa Tanganyika mnajua papo hapo gazeti ni la lini, hata kama panya kala tarehe.

Na upande wa pili muangalie Mwalimu. Uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilichukua viti 70 kati ya 71, Septemba Nyerere akaapishwa kuwa Waziri Kiongozi. Sio Mkuu, Kiongozi. Waingereza walikuwa na cheo cha kati kati cha namna hiyo, unaongoza mawaziri lakini Gavana bado yuko juu ya meza, na Kiswahili kikatafuta neno lisiloahidi sana. Kiongozi ni anayetangulia njia, anaweza kuwa anaongoza msafara ambao mwenye msafara ni mwingine. Mei 1961 yakaja madaraka ya ndani na sasa ndo akaitwa Waziri Mkuu. Miezi nane tu kati ya maneno mawili, na anayesoma haraka haraka anaona ni cheo kilekile kimebadilishwa jina. Hapana, kimebadilishwa kiti. Alafu kumbukeni alikaa na hilo jina mpaka Januari 22, 1962 tu, akajiuzulu akaenda kukijenga chama, Rashidi Kawawa akashika. Zanzibar nao walipita njia hiyohiyo, Mohamed Shamte kaanza Waziri Kiongozi 1961 kaja kuwa Waziri Mkuu 1963, na wale wa umri wangu tunakumbuka Waziri Kiongozi alivyorudi tena Zanzibar miaka ya 80, maana Waziri Mkuu yuko wa Muungano na wawili hawakai.

Hapo hapo niseme kuhusu kubwa tena, maana wakati wa ukoloni kubwa nayo ilikuwa cheo, ila cha mdomoni. Mzungu ofisini aliitwa bwana mkubwa. DC, yaani mkuu wa wilaya wa Kiingereza, watu walimwita bwana shauri au bwana DC, na akipita unavua kofia. Bwana mkubwa ni neno la anayemtazama mtu kutokea chini, haijalishi huyo mtu ana kazi gani, karani wa posta mweupe naye alikuwa bwana mkubwa. Mkuu wa wilaya ni neno la kazi: ana wilaya, ana mipaka, akihamishwa anauacha ukuu pale pale mezani anaukuta mwenzie. Uhuru ulipokuja na serikali ikaanza kuteua wakuu wa mikoa na wakuu wa wilaya wake, neno lililochaguliwa ni hilo la kazi, na kwa maoni yangu walichagua vizuri, japo mabwana wakubwa hawakuisha, waliendelea kuwepo wakaitwa "wakubwa" tu bila bwana.

Sehemu nyingine mtakayoikuta ni habari za UNO, wazee walivyopenda kuita Umoja wa Mataifa. Humu kuna mtego ambao nimewaona watu wengi wamenasa, hata kwenye vitabu. Mtu anaandika Nyerere alihutubia Baraza Kuu mwaka 1955. Alichohutubia tarehe 7 Machi 1955 ni Baraza la Udhamini, lile lililokuwa linaangalia nchi kama Tanganyika ambazo Mwingereza kapewa azishike tu. Baraza Kuu ni lile ambalo mataifa yote wanachama wanakaa, na mabaraza mengine yako chini yake au pembeni yake. Kuu hapo inabeba tofauti yote, ukiitoa au ukiiweka pasipo umebadilisha chumba alichosimama mtu. Na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa mtamuona sana kwenye magazeti ya Septemba 1961, Dag Hammarskjöld, ndege yake ilianguka karibu na Ndola tarehe 18 mwezi huo akiwa anashughulikia vita ya Katanga kule Kongo. Ndola sio mbali na kwetu, kwa hiyo habari ile iliwagusa watu wa huku kwa namna yake.

Sasa msije mkafikiri hili neno lililetwa na serikali za wakoloni kutafsiria vyeo vyao. Lilikuwepo. Unguja kabla ya sultani yeyote kutoka Oman, na hata wakati wa masultani, kulikuwa na Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji, jumba lake mabaki yake yako Dunga mpaka leo, na cheo kilififia karne ya 19. Kusini ya kisiwa kuna Unguja Ukuu, mji uliokuwa na biashara ya baharini zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, wachimbaji wa mambo ya kale wametoa huko vigae vya kutoka nchi za mbali. Tazama hilo jina vizuri. Leo tungesema "Unguja Mkuu" kama tunavyosema uwanja mkuu, uongozi mkuu, maana kwa sarufi ya sasa maneno ya U yanapewa m kwenye sifa. Ukuu pale ni kiungo cha zamani kimebaki kwenye jina la mahali kama mfupa wa samaki kwenye jiwe.

Na maana yake pale sio Unguja Kubwa. Kisiwa kipi kikubwa kuliko kisiwa hichohicho? Ni Unguja ya zamani, Unguja mama, ile ambayo mji wa sasa ulikuja baada yake. Waganda wana mukulu, Wazulu wana khulu, Wakikuyu mzee kwao ni mukuru, ni mzizi mmoja na sisi tumedondosha ile l katikati tukabaki na ku-u. Kote huko umri na ukubwa wa heshima vinakaa kwenye neno moja, kwa sababu kwa babu zetu mwenye kukaa juu ni aliyetangulia kuzaliwa. Ndo maana pia tunasema jambo kuu, soko kuu, baraza kuu, bila ji mwanzoni, wakati tunasema jambo jipya. Pya ni silabi moja inahitaji kushikiliwa, kuu ni mbili kwa sababu ya hiyo l iliyokufa.

Nimalizie na vita yenu. Ukiwa unaandika lako, una njia mbili safi. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, hapo vita umeiweka pamoja na vitu na viti, kama tunavyosema vita vya Maji Maji, vita vimeisha. Au Vita Kuu ya Pili ya Dunia, hapo umeiweka pamoja na nyumba na ndizi. Mi naandika ya kwanza, nimelelewa hivo, lakini yule wa pili simuiti mjinga. Ninachokataa ni kuchanganya, Vita Kuu vya Pili, mguu mmoja ndani mmoja nje. Na kuu pale ina kazi ileile, vita ambayo vita nyingine zilitokana nayo, si hesabu ya maiti tu. Ila wazee wengi waliopigana hawakuiita hivo wala vile, waliita vita vya Hitla, na waliotoka Keya, yaani jeshi la Mwingereza la KAR, walisema tu "nilipokuwa Bama", yaani Burma, gazeti ndo lilisema kuu.

Siku kuu, mkikuta imeandikwa maneno mawili iacheni hivo. Leo tunaandika sikukuu neno moja na imeshaganda kiasi kwamba tunasema "sikukuu kubwa" na hakuna anayeshangaa.

SWALI: Asalaam aleikum. Mombasa tuna Kadhi Mkuu. Juzi tumebishana barazani, wakiwa wengi ni Makadhi Wakuu ama Makadhi Makuu? Mwenzangu asema ni makuu kwa kuwa ni "ma".
Msomaji, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam. Makadhi Wakuu. Mtu ni mtu hata akivaa ma, sifa yake inabaki ya watu: majaji wakuu, makatibu wakuu, mawaziri wakuu, makadhi wakuu. Makuu ni ya vitu, makao makuu, mambo makuu. Mwenzako amesikiliza sauti ya mwanzo wa neno akasahau anamzungumzia nani.

Kwa kuwa umetaja Kadhi Mkuu nami niongeze, maana nyinyi mna mfano ambao bara hawana. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 mpaka alipofariki 1947 alikuwa mtu wa magazeti kabla hajawa mtu wa kiti, ndiye aliyetoa Al-Islah pale Mombasa 1932, akiwaandikia Waislamu wa pwani kwa Kiswahili na Kiarabu kuhusu elimu na uvivu na mambo waliyoyaachia. Magazeti mengi ya wakati ule yaliandika habari za wakuu, yeye aliandika kwanza ndipo akawa mkuu. Na kwa upande wa kanisa kuna kisa cha kinyume chake, Laurean Rugambwa wa Bukoba alifanywa kardinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza, wakati bado ni askofu tu, uaskofu mkuu wa Dar es Salaam ulikuja 1968. Waandishi wa habari za leo wanapenda kumuita Askofu Mkuu Rugambwa hata kwenye habari za 1960, wamuache na ngazi zake alizopanda mwenyewe.

SWALI: Mama, sisi huku Lubumbashi tunasema waziri wa kwanza, hatusemi waziri mkuu. Watu wa Tanzania wananicheka. Ni makosa?
Msomaji, Lubumbashi

JIBU: Si makosa, wamekukuta umetokea kwenye Kifaransa na wao wametokea kwenye Kiingereza, na wote mmefika kwenye Kiswahili. Wafaransa wanahesabu, waziri namba moja, Waswahili wa huku wakapendelea ngazi. Lumumba Juni 1960 kwenu alikuwa waziri wa kwanza na kwenye magazeti ya Nairobi na Dar alikuwa Waziri Mkuu, mtu mmoja, kiti kimoja. Shida ni moja tu, ukija Dar ukasema fulani alikuwa waziri wa kwanza watakuuliza "wa kwanza wa wizara gani?", watafikiri unasema aliyetangulia kuteuliwa. Ukiwa huku sema mkuu, ukirudi kwenu sema wa kwanza, na wakikucheka waulize wao mbona wanasema "mwanafunzi wa kwanza darasani" na hawamaanishi aliyefika mapema.

SWALI: Bibi yangu wa Pemba alikuwa anasema "nipe ile kanga yangu kuukuu". Sasa kama kuu ni ya heshima hivyo, mbona ukiirudia mara mbili inakuwa tambara?
Msomaji, Chake Chake

JIBU: Swali zuri na jibu nimeshalitupia pale juu kwa bahati, umri. Mzizi unasema "ya zamani", na zamani ikimkalia mtu inampa heshima, ikikalia nguo inaitoboa. Kuu moja imechukua ile heshima, kuukuu imechukua uchakavu. Ila usimuonee bibi, kanga kuukuu ndo laini kuliko zote, ndo ya kulalia na ndo ya kumpokelea mtoto aliyezaliwa, kanga mpya ina wanga inakwaruza. Aliyesema "nipe ile kuukuu" alikuwa anachagua, hakuwa analalamika.

SWALI: Mimi ni mama muuza duka Mbagala. Vijana wa bodaboda wote wananiita mkuu. "Mkuu nipe vocha", "mkuu chenji yangu". Nina miaka 52, sina cheo chochote hata cha nyumba kumi. Wananidharau au?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Hawakudharau, dada yangu, wamelitoa neno ofisini wakalileta mtaani. Lilianza kwenye mitandao watu wasiojuana, hujui unayebishana naye ni mzee au kijana, ni mwanamke au mwanaume, shikamoo huwezi kutoa na oya ni utovu wa adabu, ukimuita mkuu unakuwa salama pande zote. Ikashuka mpaka kijiweni, ikakaa pamoja na bosi, kiongozi, chifu. Babu zetu walioona Mangi Mkuu mmoja kwa kabila zima wangeshangaa kukuta wakuu kumi na tano wamepanga pikipiki chini ya mwembe mmoja.

Mi ningependa wakuite mama, lakini hilo ni la umri wangu. Siku wakikuzidi muulize mmoja, "mkuu wa nini?" Akikosa jibu mwambie deni la jana alipe kwanza.